Bwawa la Nyerere limekamilika, vifaranga wangu wamefia ndani ya mayai kwa kukosa umeme

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina mashine ya kutotolesha mayai 528 hapa Himo. Wiki iliyopita mayai yalikuwa siku ya 19, zimebaki siku mbili vifaranga watoke. Saa nane usiku umeme ukakatika, ukarudi saa kumi jioni. Tulifunika mashine kwa mablanketi, tukapanga chupa za maji ya moto kati ya trei, mke wangu akakesha na kipimajoto. Kinatakiwa kisome 37 na nusu. Alfajiri kilisoma 29. Wametoka vifaranga 61 tu. Nikaanza kupasua yaliyobaki moja moja: kifaranga kamili, manyoya yameshaota, mdomo ameuelekeza kwenye ganda, amekufa. Trei ya pili nikashindwa kuendelea. Na wateja walishanilipa nusu ya oda.

Nilipopiga namba ya dharura nikajibiwa laini imezidiwa, mafundi wako saiti. Laini imezidiwaje katika nchi ambayo kila siku tunatangaziwa kuwa ina umeme wa ziada?

Bwawa la Julius Nyerere lilisainiwa Desemba 2018, likatakiwa liishe Juni 2022. Mtambo wa kwanza umewaka Februari 2024, wa tisa Aprili 2025. Megawati 235 mara tisa ni 2,115. Jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 2019, nchi nzima ilikuwa haitumii umeme wa kiasi hicho. Ni kazi kubwa, imejengwa kwa kodi zetu, na mimi ni mmoja wa walioishangilia. Lakini mitambo yote tisa iliwashwa huku laini ya kilovolti 400 ya kuupeleka umeme huo kutoka Chalinze hadi Dodoma ikiwa bado inajengwa! Waya ulipaswa uwe tayari unausubiri umeme. Kenya walishatuonyesha hili: mitambo 365 ya upepo kule Turkana ilisimama zaidi ya mwaka bila kuuza umeme kwa sababu laini ya kuufikisha kwenye kituo cha Suswa haijaisha, mpaka 2018. Jirani kaungua tunamwona, na sisi tukaingia motoni.

Machi 2025 Rais Samia, akiwa huku huku Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya Kaskazini, kwa kuwa ukisafirishwa kutoka kusini mwingi unapotea njiani, hasara ya bilioni 32 kwa mwaka. Hesabu naielewa na sikatai kununua. Ila umeme huo utapita Kenya kabla ya kunifikia. Hitilafu ikitokea Ethiopia au Kenya, mimi wa Himo nampigia nani?

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mabwawa ya umeme ya Mtera, Kidatu na Kihansi maji yake yote yanaishia mto Rufiji, na bwawa jipya liko Rufiji hiyo hiyo. Mwaka 2006 mvua zilikataa, tukakaa gizani. 2011 hivyo hivyo, na 2022 mgao ukarudi. Tumeongeza megawati, lakini mvua tunayoitegemea ni ile ile. Upepo wa Singida tumeusikia zaidi ya miaka kumi, hadi leo ni maneno. Joto ardhi Kenya walianza kuzalisha Olkaria mwaka 1981. Bonde la Ufa lile lile linapita kwetu hadi Mbeya, na sisi mpaka leo tuko kwenye kuchoronga visima vya utafiti. Jua la Kishapu ndiyo kwanza linaanza, megawati 50 awamu ya kwanza. Na mtu akiniambia gesi ya Mtwara ipo, sawa, ipo, lakini nayo inatoka kule kule kusini, na umeme wake lazima upite kwenye waya ule ule kunifikia.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Kila mkoa utangaziwe kwa maandishi: kituo chenu cha kupoza umeme kinabeba kiasi gani, kimezidiwa kwa kiasi gani, transfoma mpya inafungwa mwezi gani. Mkurugenzi anayekata utepe wa mtambo aulizwe hapo hapo kuhusu nguzo na waya.

Wa Same, Mwanga, Rombo, Arusha, andikeni hapa umeme kwenu ulikatika saa ngapi wiki hii na mmepoteza nini. Mimi naanza: Himo, saa 14, vifaranga 467.