Mabati ya rangi yamebonyezwa na mvua ya mawe: niezue au niyaache?

MkaziWaKericho
Hamjambo ndugu zangu. Huku Kericho mvua ya mawe tumeizoea, lakini ya juma lililopita imeacha vishimo vingi upande mmoja wa paa langu la mabati ya rangi, geji 30 (kipimo cha unene wa bati). Halivuji. Fundi mmoja ananishauri niezue upande huo wote, mwingine anasema kupaka rangi kunatosha. Nitajuaje kama mabati yameharibika au yamepoteza sura tu?

FundiMapaa
Ndugu, usipake rangi kwanza, kwani itaficha yale unayotaka kuyajua. Paa likikauka, panda asubuhi jua likiwa bado chini, ukikanyaga kwenye mistari ya misumari ambako kuna mbao. Laza chaki ubavu na uipitishe juu ya bati: kila palipobonyea patabaki bila chaki. Kisha tazama kila kishimo kwa kioo cha kukuzia. Rangi ikiwa nzima, kishimo hicho ni cha sura tu. Ikiwa imepasuka lakini chini yake unaona weupe wa zinki, chuma bado kina kinga, ingawa utahitaji kurudi kukagua baada ya msimu wa mvua, kwa sababu kutu nyekundu haijitokezi kwa siku chache.

MkaguziWaMajengo
Nakubaliana naye, ila hakikisha kwanza kwamba vishimo ni vya mvua. Mawe hupiga ovyo, makubwa kwa madogo, upande uliokabili upepo, na huacha alama pia kwenye gata (mfereji wa maji ya paa) na kofia ya paa. Vishimo vilivyojipanga kando ya misumari ni vya nyundo. Kagua pia mipishano ya mabati na vipande vya mpira vilivyo chini ya vichwa vya misumari, maana maji hupenya hapo kabla ya kupenya katikati ya bati. Kama una bima, piga picha chaki ikiwa bado ipo, sarafu ikiwa kando ya kishimo, na usome mkataba vizuri, kwa kuwa baadhi ya mikataba hailipi hasara ya sura.

MkaziWaKericho
Nashukuru sana. Je, jirani yangu mwenye mabati ya changarawe (yaliyobandikwa chembe za mawe juu), ambaye ameikuta changarawe hiyo imejaa kwenye gata, afanyeje?

FundiMapaa
Paa likiwa jipya, changarawe ya ziada hudondoka hata bila mvua ya mawe. Atafute madoa ya mviringo ambapo bati limebaki wazi.