Mnatuuzia mfumo ambao diski yake hamjawahi kuikatia umeme!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Modereta, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya korosho. Huu ni wa kompyuta, ingawa korosho zimo.

Niko Mtwara, natunza kompyuta za chama kimoja cha ushirika. Kuna kampuni ya Dar, jina naliacha, ilituuzia mfumo wa kupokelea korosho ghalani. Mfumo umo ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, na diski yake ni faili moja la VHD (muundo wa faili linalotumika kama diski), ile aina inayokua kadiri unavyoandika. Siku ya maonyesho mbele ya bodi ulikimbia balaa, wazee wakapiga makofi. Msimu umeanza, magunia yamepangana hadi mlangoni, umeme ukakatika, UPS, ile betri ya akiba, ikazidiwa. Uliporudi, programu yao ya kurejesha data ikaandika kwamba faili si diski. Ukipiga simu unajibiwa, "Mbona kwetu inafanya kazi?"

Kwenu wapi? Ofisini kwenye jenereta?

Sasa sikilizeni. VHD ina mkia wa baiti 512 unaoanza na neno "conectix". Kwenye aina inayokua, nakala ya mkia huo huwekwa pia mwanzoni kabisa mwa faili. Haikuwekwa kwa urembo. Kila kipande kipya kinapoongezwa, kwa kawaida cha MB 2, kinakaa pale mkia ulipokuwa na mkia unaandikwa upya mbele yake. Umeme ukiondoka hapo katikati, faili linabaki halina mkia. Nimelifungua kwa kisoma heksa, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja: nakala ya mwanzoni ipo nzima, cheksamu (namba ya kuhakiki kama data ni nzima) inalingana. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, ikalifungua faili hilohilo bila kelele. Programu yao inatazama mwisho tu, ikikosa kitu inakata tamaa. Jaribio la kugundua hili ni kukata baiti 512 za mwisho kwenye nakala ya faili, basi. Hata chai haijapoa umeshamaliza.

Nilipoingia ndani ndipo hasira ikapanda kweli. Uzito wa korosho uliopimwa mchana ule haumo. Nikaangalia mstari wanaowashia mashine, nikakuta kashe, ile hifadhi ya muda ya data kabla haijafika kwenye diski, imewekwa "unsafe". Maana yake hifadhidata ikiomba data ishushwe kwenye diski sasa hivi, QEMU inaitikia "tayari" bila kushusha kitu. Kumbe ile kasi ya mbele ya bodi ilitoka hapo! Makarani wamerudi kwenye karatasi, wanaingiza upya risiti moja moja, na mkulima aliyetoka Nanyamba anataka kujua hela yake iko wapi. Nimjibu nini, nimweleze habari za kashe?

Halafu wanajitetea kwamba walijaribu "kuizima ghafla". Nikawauliza vipi, wakasema waliua programu kwa kill -9. Jamani! Ukiua programu, Linux bado iko hai na itaandika kilichobaki kwenye kashe yake. Hapo hujajaribu kukatika kwa umeme. Chomoa waya ukutani, tena wakati diski inakua.

Na kwa nini VHD? Tangu 2012 kuna VHDX, mrithi wa VHD, yenye logi (daftari la mabadiliko) iliyotengenezwa kwa ajili ya ajali hizi. Kuna QCOW2, muundo wa diski wa QEMU, ambao unaukagua kwa amri ya qemu-img check. VHD amri hiyo haiikagui kabisa, kwa hiyo nikishuku uharibifu sina hata pa kuanzia.

Ukubwa nao ni vilevile. Vipimo vya silinda, vichwa na sekta (njia ya zamani ya kuhesabu ukubwa wa diski) vilivyo kwenye mkia wa VHD vinaishia kama GB 127. Programu inayohesabu ukubwa kwa vipimo hivyo badala ya kusoma sehemu yenye ukubwa halisi itaikata diski kubwa zaidi ya hapo. Niliomba kuona diski waliyojaribia, wakaniletea ya GB 20. Ya GB 20 itakwama wapi? Kuhusu bakapu kwenye flashi ya FAT32, ambayo haipokei faili la GB 4, hata sitaki kuanza.

Ninachotaka: pesa ya matengenezo ya mwaka huu irudi, au mlete kwa maandishi majaribio mliyofanya. Diski iliyokatwa mkia, diski iliyojaa huku kompyuta mama ikiishiwa nafasi, diski ya juu ya GB 127, waya uliochomolewa. "Tumejaribu iko sawa" sipokei tena.

Wadau wa Masasi, Newala, Ruangwa, Nachingwea, kama mmeuziwa mfumo unaofanana na huu, fungueni leo ule mstari wa kuwashia mashine. Mkikuta neno unsafe, zimeni mashine vizuri, wekeni writeback, ambayo hushusha data kweli inapoombwa, kisha mwashe. Na mje mseme hapa mmekuta nini.