Mrejesho: ile insha yangu ya kuombea vyuo Marekani

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa kumi niliwauliza kama insha yangu inafaa, ile iliyoanza "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari." Mlinichana kweli kweli, na mlikuwa sahihi.

Niliifuta yote. Nikaandika kuhusu daftari la madeni la mama, anauza mkaa na mimi ndiye karani wake. Wateja wengine hatuwajui majina, kwa hiyo limejaa vitu kama "baba wa baiskeli nyekundu, makopo mawili". Rasimu ilifika maneno 900 na ushee, na Common App (fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja) mwisho ni 650. Aya ya ushindi wa mdahalo niliitupa, roho ikiniuma.

Kumbe insha ilikuwa nafuu. Barua za walimu za kunipendekeza ndizo zilizonitoa jasho! Mwalimu wa Fizikia alishasahau nywila ya barua pepe yake, tukakaa stafu saa nzima tukiitafuta. Mtaaluma naye alituma matokeo yangu Desemba 31 usiku, wakati vyuo vyangu vingi vilifunga Januari 1. Ada za maombi niliomba msamaha, nikapewa.

Niliomba vyuo saba. Vitano vimenikataa, kimoja kimeniweka orodha ya kusubiri, kimoja kimenichukua na ufadhili wa masomo, chakula na malazi. Nauli ya ndege bado tunahangaika nayo.

Nilipomwambia mama, alinyamaza kidogo, akauliza: "Sasa daftari ataandika nani?"