Fikasi ya sebuleni imefika darini: kukata ncha, kukata hadi chini, au kuotesha mizizi juu kwanza?

MamaVyungu (Forest, Mbeya), 12 Julai

Ndugu zangu, poleni na baridi. Nina fikasi ya majani mapana, ule mti wa mpira ambao wengi wetu huuweka sebuleni kwenye chungu, na mwaka huu umefika darini. Shina ni moja tu. Majani yote yamejikusanya juu, na kuanzia kwenye udongo hadi usawa wa kifua changu ni mti mtupu. Ninataka ujae matawi, nami nimeshauriwa njia tatu zinazopingana: kukata ncha pekee, kukata shina na kubakiza sentimita 60, au kuotesha mizizi juu kwa juu kabla ya kukata, ili kipande cha juu kiwe mche mpya. Naomba wenye uzoefu wa hali ya hewa yetu wanilinganishie, kwa sababu nilishapoteza mmoja. Mwaka juzi, mwezi Juni, niliukata mwenzake nikaacha gogo lisilo na jani hata moja, nikaendelea kulimwagilia kila Jumamosi kama kawaida, na ilipofika Septemba lilikuwa likibonyea kwa kidole na kutoa harufu ya kuoza.

Mnyalukolo (Gangilonga, Iringa), 12 Julai

Kamwene, Mama. Pole sana kwa mti ule. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyalaza macho yote, yaani sehemu za shina zinazoweza kuchipua, yaliyo chini yake. Ukiiondoa ncha, macho huamka, lakini kwa kawaida ni jicho moja hadi matatu tu, tena yale yaliyo karibu kabisa na jeraha. Kwa hiyo ukikata ncha ya mti uliofika darini, matawi yatatokea huko huko darini, na sehemu tupu ya chini itabaki tupu. Njia ya kwanza huufaa mti mchanga wa nusu mita, ambao bado unaweza kuupangia umbo. Kwako naiondoa kwenye ulinganisho.

ShambaMbozi, 13 Julai

Shikamoo, Mama. Mimi ni mkulima wa kahawa na natetea njia ya pili. Mbuni uliochoka tunaukata hadi karibu na ardhi baada ya mavuno, na machipukizi yanayotoka huwa na nguvu kuliko matawi yote ya zamani. Fikasi nayo huchipua kutoka kwenye mti mtupu, mradi mizizi ni mizima. Kata sentimita moja juu ya kifundo, yaani ile alama ya mduara iliyoachwa na jani lililodondoka, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti.

Hata hivyo, kuna jambo tunalolizingatia shambani ambalo gogo lako la mwaka juzi halikulipata: wengi wetu huacha tawi moja lenye majani, ili liendelee kulisha mizizi hadi machipukizi yajitegemee. Gogo lisilo na majani halinywi maji karibu kabisa. Ukilimwagilia kwa ratiba ile ile ya mti wenye majani 30, udongo haukauki na mizizi hukosa hewa. Naamini maji ndiyo yaliyouua, wala si mkasi.

Njombe_Bustani, 13 Julai

Naongeza baridi. Huku kwetu na huko Mbeya, usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mti unaotoka nchi za joto za Asia hausogei katika hali hiyo. Urefu wa mchana wetu kati ya Juni na Desemba hutofautiana kwa takriban saa moja tu, kwa hiyo msimu hapa tuupime kwa joto. Njia yoyote utakayoichagua, subiri hadi katikati ya Septemba.

MichePopote (Tukuyu), 14 Julai

Mama, naomba uniruhusu niitetee njia ya tatu kwa kirefu, kwa kuwa nimeifanya mara nyingi na inaniuma kuona mita nzima ya mti mzuri ikitupwa jalalani.

Chagua sehemu ya shina iliyo chini kidogo ya kifundo. Kata ganda kwa mizunguko miwili iliyoachana kwa sentimita mbili au tatu, kisha ulibandue kama pete. Utomvu mweupe utatiririka, nawe uufute kwa kitambaa kibichi hadi ukome. Vaa glavu, maana huwasha ngozi, na usiwaache watoto wala paka waufikie. Chini ya ganda utaona ute wa kijani wenye utelezi. Ukwangue wote hadi mti mkavu uonekane, kwa sababu ukibaki ganda litajiunga upya na mizizi haitatoka. Funga hapo konzi mbili za makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, uzungushie nailoni inayopitisha mwanga, ukaze juu na chini. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia ganda, hivyo hukwama juu ya pete na kuotesha mizizi, ilhali maji yanaendelea kupanda kwa ndani.

Ubaya wake nausema wazi: mizizi ya chunguni nayo hukosa chakula kile. Kwa hiyo pete usiiweke chini ya majani yote. Iweke juu ya majani mawili au matatu ya chini kabisa, yabaki yakiulisha mti mama.

Mnyalukolo, 14 Julai

Nakubaliana na Tukuyu, isipokuwa kwamba mti mama utabaki mtupu hadi kifuani, na hilo ndilo lililomleta Mama hapa. Napendekeza siku hiyo hiyo achanje juu ya vifundo vitatu vilivyo kati ya sentimita 50 na 80. Mkato uwe wa kulala, milimita tano juu ya jicho, ukiingia theluthi ya unene wa shina. Mkato huo huizuia oksini isilifikie jicho lile, na mara nyingi huamka bila kukata kitu kingine. Si kila jicho linaloitika, ndiyo maana nasema matatu.

MamaVyungu, 29 Novemba

Ndugu zangu, nilifuata ushauri wa Tukuyu na Iringa kwa pamoja. Nilibandua pete tarehe 16 Septemba, juu ya majani matatu ya mwisho, na nikachanja vifundo vitatu. Wiki sita za kwanza sikuona chochote ndani ya nailoni. Katika wiki ya nane mizizi miwili myeupe ilijitokeza pembeni, na Jumamosi iliyopita nailoni ilikuwa imejaa, mizizi ikianza kugeuka kahawia, ndipo nikakata chini ya nailoni na kukipanda kipande cha juu. Mche umedondosha majani mawili tu.

Kwenye mti mama, kifundo cha juu na cha kati vimetoa machipukizi yenye ala nyekundu iliyochongoka kama ncha ya mkuki. Cha chini kimelala. Namwagilia tu udongo unapokuwa mkavu kwa kina cha kidole. Je, ShambaMbozi, sasa naweza kulikata shina lililobaki hadi kwenye machipukizi?

ShambaMbozi, 29 Novemba

Hongera sana, Mama. Bado usilikate. Yale majani matatu ndiyo tawi lako la kulisha mizizi. Subiri kila chipukizi liwe na majani manne au matano yaliyokomaa. Yakifikia hapo kabla ya Machi, kata sentimita moja juu ya chipukizi la juu. Yakichelewa, liache shina hadi Septemba.