Ofisi za wabunge majimboni, mwanafunzi wa fildi si tarishi wala mpiga picha wenu

Wakuu, heshima mbele. Ninayoyaandika hapa makatibu wa wabunge wanayajua vizuri kuliko sisi sote, kwa hiyo wasije na povu.

Kila mwaka ni yale yale. Bunge la bajeti likiahirishwa mwishoni mwa Juni, wabunge wanarudi majimboni, na kipindi hicho hicho vyuo vinafunga na kuwaachia wanafunzi wakatafute nafasi za mafunzo kwa vitendo. Utawala wa umma, sosholojia, sayansi ya siasa, sheria, maendeleo ya jamii. Baadhi wanaangukia ofisi ya mbunge, kile chumba ndani ya jengo la halmashauri au kwa mkuu wa wilaya. Barua ya chuo inasema apewe kazi zinazohusiana na anachosomea. Anachopewa ni kiti cha plastiki karibu na mlango na simu ya ofisi isiyo na salio.

Asubuhi afungue mlango na kufagia. Saa nne aende stesheneri kutoa fotokopi, mara nyingi kwa hela yake, "utarudishiwa". Jioni arushe mtandaoni picha za Mheshimiwa akikabidhi jezi na mipira, kwa bando lake. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ana shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, na humo kuna chumba, chakula na nauli. Asiye mnufaika anaendeshwa na wazazi wake. Yaani mzazi mkulima wa mahindi ndiye anayegharamia matangazo ya mbunge. Hapo bado hatujaanza kukasirika.

Kinachoudhi hasa ni kwamba kazi nzito kuliko zote pale ofisini ndiyo anaachiwa mwanafunzi huyo huyo bila kufundishwa hata saa moja: kupokea wananchi wenye kero. Katibu yuko msafarani, dereva yuko msafarani, aliyebaki ni mtoto wa mwaka wa pili mwenye kalamu na karatasi chakavu. Mama ametoka kata ya mbali kwa bodaboda ya elfu kumi, anaeleza shida yake, anaambiwa "tutamfikishia Mheshimiwa". Karatasi inakunjwa, inaingia kwenye droo. Imekwisha hiyo.

Tatizo linaanzia hapa: hakuna daftari. Daftari la kero halihitaji kompyuta wala mfadhili. Kaunta buku moja, piga mistari ya safu: tarehe, jina, simu, kata na kijiji au mtaa, kero yenyewe kwa sentensi mbili, ameshapita wapi (mtendaji wa kijiji, wa kata, halmashauri) na walimjibu nini, nakala alizoacha, kero imepelekwa kwa nani na kwa barua ya kumbukumbu namba ngapi, tarehe ya kufuatilia, majibu. Safu ya "ameshapita wapi" ndiyo inayookoa muda, kwa sababu nyingi ya kero hizi zimekwama kwa mtendaji wa kata, na simu moja ya katibu ingezimaliza siku hiyo hiyo.

Pili, hakuna anayemfundisha mwanafunzi kero gani inaenda wapi. Barabara ya kijijini iliyokatika ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ambayo iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa; barabara kuu na ya mkoa ni ya TANROADS, Wizara ya Ujenzi. Maji ya kijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, ya mjini ni mamlaka ya maji ya mji husika. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, anza kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Wizara ya Afya. Mikopo ya asilimia 10 (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kwa kawaida ni ya kikundi kilichosajiliwa. Haya yote yanaenea ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Lakini tumeona barua za kero ya TANROADS zikipelekwa TARURA, zinakaa wiki tatu, zinarudi na maneno "haituhusu", na mwananchi anaamini serikali imemkataa.

Tatu, barua zenyewe. Mwanafunzi anatumwa masjala ya halmashauri na nakala moja. MOJA! Anaiacha, anaondoka. Wiki mbili baadaye barua haionekani na hakuna ushahidi kama iliwahi kufika. Siku zote nenda na nakala mbili: moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi kwenye faili la ofisi. Na barua inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, yeye ndiye ataielekeza kwa mkuu wa idara. Ukiipeleka moja kwa moja kwa mhandisi itakaa mezani kwake, kwa sababu haijapita njia yake.

Sasa ardhi. Hapa ndipo uzembe unageuka hasara ya mtu. Mzee ameshindwa kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anakimbilia kwa mbunge na nakala ya hukumu. Mbunge hawezi kutengua hukumu, nukta. Njia ya mzee ni rufaa Mahakama Kuu, ndani ya siku 45. Mwanafunzi asiyeambiwa hili anapokea nakala kwa heshima zote, anaandika "mgogoro wa ardhi", anamwambia mzee asubiri Mheshimiwa atoke Dodoma. Siku zinapita. Mzee akija kushtuka, kwanza aanze kuomba kuongezewa muda, na hiyo ni shughuli nyingine ya pesa na sababu za kueleweka. Jambo la kwanza kuangalia kwenye hukumu yoyote ni tarehe iliyotolewa, la pili ni kumwelekeza mwenye nayo kwa wasaidizi wa kisheria siku ile ile. Na kama shauri ndiyo kwanza linaanza, aelezwe kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Wanafunzi wa sheria mnao hapo hapo mlangoni, na mnawatuma maji ya kunywa.

Halafu Mfuko wa Jimbo. Kila Jumatatu foleni: ada, jeneza, nauli ya kwenda Muhimbili, mchango wa harusi. Wote wamesikia mbunge ana mfuko. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo upo kwa sheria ya 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati, afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu, fedha ziko akaunti ya halmashauri na zinaenda kwenye miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe: bati za darasa, saruji ya zahanati. Haulipi ada ya mtu mmoja. Kijiji kikitaka, kianze na muhtasari wa kikao, upite kamati ya maendeleo ya kata. Ni maelezo ya dakika tano. Lakini katibu wa mbunge hataki yatolewe, kwa sababu mkanganyiko unamsaidia: akitoa elfu ishirini ya Mheshimiwa ionekane ni ya mfuko, na akikosa aseme mfuko haujaja. Anayetukanwa mlangoni ni mwanafunzi.

Jingine la kutisha: nyaraka za watu. Kwenye droo ile ile kuna nakala za vitambulisho vya taifa (NIDA), vyeti vya hospitali, barua za binti aliyebakwa. Mwanafunzi anaambiwa apige picha kila kitu "atume kwenye grupu" la WhatsApp, grupu lenye madiwani, makada na wapambe ambao hata katibu hawajui wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Droo yenye kufuli ni bei gani?

Na msimu wa misafara ukianza, mwanafunzi anavalishwa fulana ya chama na kupandishwa kwenye gari la muziki. Barua ya chuo haikumpeleka chamani. Wa kike wanaambiwa walale kwenye ziara "kuandaa ratiba", mialiko ya saa tatu usiku. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU, ile ya kuzuia rushwa, ya 2007, na namba ya kupiga ni 113, bure.

Mwisho wa wiki nane anafungua logbuku, daftari la kuandika kazi za kila siku za fildi: ukurasa mtupu, au "nilisaidia shughuli za ofisi" mara arobaini. Katibu anajaza fomu ya tathmini siku ya mwisho huku anauliza "hivi jina lako nani vile?" Mkufunzi wa chuo alikuja mara moja, akapiga picha na bango la ofisi, akaondoka. Nyie wakufunzi nanyi msijifiche nyuma ya uzi huu. Mkifika, ombeni kuona daftari la kero na faili la barua. Kama havipo, mhamisheni mwanafunzi wiki hiyo hiyo, apelekwe hata ofisi ya mtendaji wa kata, atajifunza zaidi.

Najua mtasema mbunge hana bajeti ya fildi. Sawa, hakuna anayedai posho ya kikao. Kaunta buku, ukurasa mmoja ukutani, nakala mbili, kufuli la droo. Na kila Ijumaa katibu akae nusu saa asaini logbuku za wiki hiyo, akiona neno "nilisaidia" amrudishie mwanafunzi aandike alichofanya. Baraza la madiwani la kujadili robo ya nne ya mwaka wa fedha hukaa kipindi hicho hicho cha fildi na mbunge ni mjumbe. Mpelekeni mwanafunzi akae nyuma aandike muhtasari, kisha alinganishe na kero za daftari: zipi zimejibiwa, zipi zinafaa kuwa swali la msingi Bunge likirudi kukaa. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye barua ya chuo.