Baiskeli ya gia 27.5: tairi gani mbele na gani nyuma kwa njia za Dodoma?

Iyumbu275
Habari wakuu. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, rimu ya inchi 27.5, foko ya springi, breki za diski. Matairi yote mawili yana upana wa inchi 2.1. Kashata (vile vinundu vya mpira) za katikati zimeisha, na ubavu wa la nyuma umeanza kutoa nyuzi. Natoka Iyumbu kwa lami, naingia vijia vya Ng'ong'ona, na mwisho wa wiki napita njia za vumbi upande wa Hombolo. Nina kilo 78, sibebi mzigo.
Shida ni mbili. Kwenye kona zenye changarawe juu ya udongo mgumu, gurudumu la mbele linachomoka. Halafu miiba: pancha mbili kwa wiki. Fundi anasema ninunue jozi inayofanana, yenye kashata kubwa kabisa. Je, ni lazima yafanane? Na upepo nijaze kiasi gani?

FundiGia
Mkuu, si lazima, na kwa njia hizo afadhali yasifanane. Tairi la mbele ndilo linalokata kona, na ukishika breki uzito unahamia kwake. La nyuma linasukuma, tena ukiwa umekaa kwenye siti zaidi ya nusu ya uzito wako uko juu yake, ndiyo maana linawahi kuisha. La nyuma likiteleza mkia unayumba na unaweza kuurudisha. La mbele likiteleza hupati nafasi hiyo, unaanguka. Kwa hiyo weka pesa yako mbele.

Mbele tafuta 27.5 x 2.35, mpira laini, kashata za pembeni zilizosimama imara na zilizoachana na zile za katikati. Nyuma 2.25 inatosha, kashata za katikati fupi na zimekaribiana, ili isikuchoshe kwenye lami.

Ila "kashata kubwa kabisa" sikubaliani nayo. Udongo wetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, juu yake kuna kokoto ndogo. Kashata ndefu na nyembamba haziwezi kuzama humo, zinajikunja, na ukiegemea kona ndipo unapohisi tairi linachomoka. Kashata ndefu ni za udongo laini. Ukiwa dukani, sukuma kashata ya pembeni kwa dole gumba. Ikilala kirahisi hadi uone mpasuko kwenye shina lake, liache. Inayofaa ina shina pana kuliko kichwa.

Kabla ya kununua pima nafasi kwenye foko na kwenye fremu nyuma. Bakiza angalau milimita 6 kila upande, maana rimu ikipinda kidogo tairi litaanza kukwangua.

Iyumbu275
Asante sana mkuu. Kuna muuzaji ana tairi limeandikwa 57-584. Hilo ni saizi yangu?

FundiGia
Ndiyo. 57 ni upana kwa milimita, karibu 2.25. 584 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hicho ndicho 27.5. Iamini hiyo namba ya pili kuliko inchi. 26 ya baiskeli za milimani ni 559, 29 ni 622, na zile nyeusi za mizigo za 28 x 1 1/2 ni 635. Ona kwamba "28" ni kubwa kuliko "29". Watu wengi wanapoteza hela hapo.

Kizota_Pedeli
Niongezee kwenye miiba, kwa sababu tairi zuri peke yake halitamaliza pancha mbili kwa wiki.

Kwanza ujue nini kinakutoboa. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu, kisha ilinganishe na tairi ukianzia kwenye valvu. Tundu moja upande wa nje ni mwiba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu, yaani upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaoangalia rimu, ni kichwa cha spoku au utepe wa rimu uliosogea. Hapo hata ukibadilisha tairi mara kumi utaendelea kuziba.

Pancha ya pili ndani ya siku hiyo hiyo mara nyingi ni mwiba ule ule. Mbigili ikivunjika inaacha ncha fupi ndani ya mpira, nje huioni. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima, taratibu. Kitakapokwama ndipo ncha ilipo, ichomoe kwa koleo. Usipitishe kidole kitupu.

Kwa mbigili, weka tyubu nene nyuma na dawa ya kuziba pancha, kama mililita 60. Nunua tyubu ambayo kipini cha ndani ya valvu kinafunguka, vinginevyo dawa haina pa kuingilia. Kwa joto letu dawa inakauka, ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwiba mrefu wa mgunga ni habari nyingine, unatoboa hata tyubu nene, hivyo tembea na tyubu ya akiba. Na ule mtindo wa kupanga kipande cha tyubu kuukuu ndani ya tairi, kingo zake zisipochongwa ziwe nyembamba zinasugua tyubu hadi zinaitoboa zenyewe.

Nala_Vumbi
Nakubaliana na wote, isipokuwa kama rimu zako ni za tyubulesi, yaani zinazofungwa tairi bila tyubu, ningeacha tyubu kabisa: tepe ya rimu, valvu yake, na dawa mililita 90 kila gurudumu. Mbigili inaingia, dawa inaziba, unaendelea. Kama rimu si za tyubulesi usijaribu, tairi linaweza kuchomoka kwenye kona.

Upepo, kwa kilo 78 na tyubu: anza na psi (kipimo cha upepo) 27 mbele na 31 nyuma. Mbele huwa pungufu kwa psi 3 au 4 kwa sababu inabeba uzito mdogo na unataka ishike. Punguza psi 1 kila safari hadi uhisi rimu inagonga jiwe, kisha rudisha 2. Kwenye mchanga mzito wa makorongo shusha kidogo, ukirudi lami jaza. Tumia pampu yenye geji, na geji hiyo hiyo kila siku. Kompresa ya kujazia magari ni hatari, tyubu ya baiskeli ni ndogo, sekunde chache tu umezidisha.

Kufunga: mshale ulio ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu likienda mbele. Anza kuingiza tairi upande ulio mbali na valvu, umalizie kwenye valvu. Usitumie bisibisi, inakata tyubu. Tumia vile vijiti vya plastiki vya kutolea tairi. Jaza kidogo, zungusha gurudumu, uangalie ule mstari mwembamba wa ubavuni mwa tairi, karibu na rimu. Ukizama mahali, toa upepo, sukuma kwa vidole, jaza tena.

Iyumbu275
Nimewaelewa. 2.35 mbele, 57-584 nyuma na tyubu nene. Hili la nyuma likiisha nalibadilisha na lingine kama hilo?

FundiGia
Ukiweza, hapana. Hamishia la mbele nyuma, kama fremu inalipokea, halafu jipya lifungwe mbele. Kuukuu lisikae mbele kamwe. Na mvua zikianza usipite udongo mweusi wa mbuga na hilo 2.35. Tope linajaa kati ya tairi na foko mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Shuka, ubebe baiskeli hadi penye mchanga.