Donda la baba halifungi, twaambiwa sindano za eksosomu. Ni kweli?

BintKisauni: Salaam aleikum nyote. Babangu ana sukari miaka mingi. Tangu Ramadhani ana donda chini ya kidole gumba cha mguu, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Haliumi, basi kwake si kitu. Alfajiri aenda msikitini kwa miguu. Sasa binamu ametuletea habari ya kliniki ya urembo upande wa Nyali. Wanadunga eksosomu za seli shina kuzunguka donda. Kwa bei yao, itabidi pikipiki iuzwe. Twaomba ushauri.

KijanaKongowea: Poleni. Kwetu walipaka asali.

MwanaMaabara: Eksosomu zenyewe zipo, si hadithi. Ni vifuko vinavyotolewa na seli, vya nanomita 30 hadi 150 hivi, vikibeba protini na vipande vya RNA, yaani ujumbe wa maelekezo ya seli. Seli jirani ikivipokea, hubadili mwenendo. Vilipoelezwa mara ya kwanza mwaka 1983, kwenye seli changa za damu, ilidhaniwa ni taka tu.

Kwenye donda la sukari, makrofaji, ambao ni askari wa mwili, hubaki vitani badala ya kugeukia ujenzi, na mishipa midogo ya damu haichipui. Kwa panya wenye kisukari, vifuko vya seli shina, zile seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, vimesaidia pande zote mbili. Lakini ngozi ya panya hujikunja yenyewe kufunga kidonda, yetu kwa kiasi kikubwa haifanyi hivyo. Na panya hakanyagi donda lake kwa kilo 80! Marekani, FDA, mamlaka yao ya dawa, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu, na Desemba 2019 ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika. Utafiti nauheshimu. Kliniki inayouza sasa hivi, hapana.

NesiLikoni: Mwanangu, nani ameshika mapigo ya damu kwenye mguu wa babako? Hilo ndilo la kwanza. Damu ikiwa haifiki, hata dawa ya dhahabu haitafunga donda. Kutouma ndiko kunakonitia hofu mimi: mishipa ya fahamu imekufa, ndiyo maana alikanyaga mpaka likachimbika. Mguu upumzishwe, afungwe plasta ngumu maalumu au apewe kiatu kisichogusa pale. Nyama iliyokufa ikatwe na mtu anayejua, si wembe wa nyumbani. Apimwe HbA1c, inayoonyesha sukari ya miezi mitatu hivi. Nendeni Makadara, hospitali kuu ya Pwani, ulizieni kliniki ya sukari. Likinuka, likigeuka jeusi, mguu ukivimba au akipata homa, ni siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Na wewe wa asali: ile ya hospitali huuawa vijidudu kwanza. Ya chupa ya sokoni msiipake.

BintKisauni: Shukran mama. Mapigo hakuna aliyeyashika, wanabadilisha bandeji tu. Binamu nimemwuliza chupa ina jina la kiwanda na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu? Amenijibu "wametoa nje". Pikipiki haiuzwi. Tatizo ni baba, msikiti hauachi, na udhu je?

MzeeKuze: Mpandisheni tuktuk mpaka mlangoni, aswali kwenye kiti. Bandeji isilowe, kupangusa juu yake kuna ruhusa, na huenda akahitaji tayamamu pia. Imamu wenu atampa utaratibu. Akisikia kwa imamu hatabishana nawe.

BintKisauni: Hapo umempata, ami. Namfuata imamu baada ya alasiri, na kesho asubuhi ni Makadara.